HOMA YA MTOTO HAINGOJI RUHUSA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa wanachama na wazee)



Najua si desturi ya mkutano wetu kumwita karani azungumze habari za maradhi. Mimi si daktari wala tabibu. Kazi yangu ni kuandika barua, kuhesabu stakabadhi na kutunza majalada. Lakini mwenye kuungua ndiye ajuaye moto, na mimi nimeungua. Yale niliyofundishwa na waliomtibu mtoto wangu niliyaandika katika daftari siku ile ile, kwa mazoea ya kazi yangu, nayo ndiyo nitakayowasomea leo. Maneno yangu ni juu ya jinsi ya kumtunza mtoto mdogo aliyeshikwa na homa nyumbani, na juu ya saa ambayo nyumbani hapatoshi tena.

Kwanza niruhusuni nieleze yaliyonipata.

Ninyi nyote mwajua kwamba wengi wetu tunaofanya kazi Nairobi huwapeleka wake zetu na watoto nyumbani Pwani ifikapo Desemba. Mwaka ule niliwatanguliza wangu, nami nikabaki nyuma kumaliza hesabu za mwisho wa mwaka. Binti yangu alikuwa na umri wa miaka 2, mzaliwa wa Nairobi, na ile ilikuwa mara yake ya kwanza kulala katika nyumba ya babu yake.

Siku ya Alhamisi saa moja ya jioni mama yake alimgusa paji la uso akaona lina moto. Ijumaa asubuhi alikwenda kwa baba yangu kuomba nauli ya kumpeleka mtoto zahanati. Baba ni mzee mwenye busara, naye alimjibu kwa upole, “Mwanangu, subira huvuta heri. Mwenyewe yupo, na aulizwe kwanza.” Mke wangu akapiga simu. Simu yangu ilikuwa ndani ya saraka, imezimwa, nami nimeinamia hesabu. Nilipoifungua jioni nikakuta ameniita mara 9. Nami nilijibu nini? Nilimwambia ampe dawa ya chupa iliyosalia, kisha angoje mpaka kesho tuone kama homa itashuka.

Mabwana, natamani ningaliuma ulimi wangu kabla ya kusema neno lile. Usiku wa manane mtoto akashikwa na degedege. Jamaa wakakusanyika. Mmoja akataka afukizwe, mwingine akataka ajazwe kijiko kinywani, na wote wakapatana ya kuwa asipelekwe hospitali, maana yasemwa kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa. Mama yake alilia mpaka kukapambazuka. Asubuhi nikatuma fedha kwa simu, na baba akatoa idhini. Walipanda pikipiki, wakafika zahanati saa tano.

Nikiwa karani, baadaye nilizihesabu saa hizo. Tangu homa kuanza mpaka mtoto kufika mbele ya tabibu zilipita saa 40. Katika saa hizo 40, safari yenyewe ilichukua saa 1 tu. Fedha yangu kutoka Nairobi kufika nyumbani haikuchukua hata dakika 5. Saa zote zilizosalia zilitumika kungoja ruhusa, na sehemu kubwa ya ruhusa hiyo ilikuwa mkononi mwangu mimi mwenyewe.

Pale zahanati damu ikapimwa, ikaonekana malaria kali. Akadungwa sindano ya kwanza papo hapo, kisha akapelekwa hospitali kubwa, akaongezwa damu. Mimi nilifika Jumapili asubuhi kwa basi la usiku. Namshukuru Mungu, mtoto wangu alipona. Ninyi mliokuja na jamaa zenu leo mmemwona akikimbia nje ya ukumbi huu.

Lakini katika kitanda cha pili palikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, aliyeletwa na babu yake. Yeye naye alikuwa amengojea nauli siku 2. Jumatatu kabla ya alfajiri akafariki. Mzee yule akaniomba nimpigie wanawe simu, awaombe fedha ya gari la kuuchukua mwili. Nikampigia. Bwana Mwenyekiti, fedha ile ilifika kabla chai yake haijapoa.

Jambo hilo ndilo lililonifanya niombe kusema leo. Sasa nitaeleza kwa utaratibu niliyojifunza.

HOMA NI NINI

Watu wengi hudhani kwamba homa ndiyo maradhi yenyewe. Sivyo. Sisi tufanyao kazi maofisini twamjua tarishi. Akija mlangoni na barua, hakuna faida kumfukuza, wala si busara kumkaribisha kitini na kuisahau barua. Yafaa barua ifunguliwe isomwe. Homa ni tarishi wa mwili. Imekuja kutoa habari kwamba ndani mna adui, na mwili umeanza kupigana naye.

Joto la mwili wa mtu mzima wa afya ni kama digrii 37. Kipimajoto kikiwekwa kwapani kikaonyesha digrii 37.5 au zaidi, mtoto ana homa. Asiyekuwa na kipimajoto na amguse tumboni au kwapani, maana mikono na miguu hudanganya, huweza kuwa baridi hali kiwiliwili kinawaka. Na mama akisema mtoto wake ana moto, tusimbishie. Yeye ndiye amgusaye kila siku.

Barua aliyoileta tarishi huyu yaweza kuwa ya namna nyingi. Yaweza kuwa malaria. Yaweza kuwa mafua ya kawaida yatakayokwisha yenyewe. Yaweza kuwa nimonia, yaani maradhi ya mapafu, au uchungu wa sikio, au koo, au surua, au tumbo la kuhara, au maradhi ya mkojo, au ule ugonjwa wa hatari wa uti wa mgongo. Kwa nje zote hufanana. Kwa hiyo mtu asemaye, “Hii najua ni malaria tu,” au, “Haya ni meno yanaota,” anaisoma barua ambayo haijafunguliwa.

YAFAAYO KUFANYWA NYUMBANI

Kuna mambo mengi mama aweza kuyafanya nyumbani, nayo ni mepesi.

La kwanza ni nguo. Desturi yetu ni kumfunika mtoto wa homa kwa mablanketi ati atoke jasho. Kufanya hivyo ni kulizuia joto lisitoke. Avikwe nguo moja nyepesi, alazwe mahali penye hewa na kivuli. Akitetemeka kwa baridi, shuka moja yatosha. Wala asitiwe katika maji ya baridi, kwa kuwa maji ya baridi humtetemesha, na kutetemeka huzidisha joto la ndani na kumtesa bure.

La pili ni kunywa. Mtoto mwenye homa hupoteza maji mengi. Anyonyaye na anyonyeshwe mara nyingi zaidi kuliko siku zote, mchana na usiku. Mtoto wa chini ya miezi 6 maziwa ya mama yamtosha. Aliyezidi umri huo apewe maji safi yaliyochemshwa yakapoa, uji mwepesi, maji ya dafu au supu, kidogo kidogo, kwa kijiko au kikombe. Kama anahara, apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti yatolewayo zahanati, yaliyochanganywa kama ilivyoandikwa juu ya pakiti.

La tatu ni chakula. Asilazimishwe, wala asinyimwe. Apewe kidogo kidogo kile akipendacho. Akipata nafuu aongezewe mlo mmoja kwa siku mpaka mwili urudi.

La nne ni dawa ya kuteremsha homa. Dawa ifaayo kwa mtoto ni parasetamoli, hasa homa ikifika digrii 38.5 au mtoto akiwa na maumivu. Hapa ndipo sisi wanaume hufanya makosa, maana dawa twaikadiria kwa jicho. Kipimo chake hufuata uzito wa mtoto, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja. Kwa hivyo mtoto wa kilo 10 hupewa miligramu 100 hadi 150, na kidonge kizima cha mtu mzima ni miligramu 500. Mwaona wenyewe hatari iliyopo katika kukisia. Dawa ya maji ipimwe kwa kikombe kidogo au bomba lililokuja na chupa, si kwa kijiko cha chai, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Irudiwe baada ya saa 6, wala isizidi mara 4 katika saa 24, kwani ikizidi huharibu ini. Aspirini mtoto asipewe kabisa.

La tano, na hili ndilo lililonikosesha mimi, ni kwamba dawa iliyosalia ya mgonjwa wa jana si dawa ya mgonjwa wa leo. Dawa ya kuua vijidudu iliyobaki katika chupa, au vidonge vya malaria vya kaka yake, visitumiwe kwa kubahatisha. Parasetamoli hushusha joto tu, haiui malaria. Mtoto aweza kupoa mwili akacheza kidogo, nasi tukafurahi, kumbe adui yu kazini. Tarishi amefukuzwa na barua bado haijasomwa.

La sita ni daftari. Mtanisamehe, hili ni pendekezo la karani. Pawepo daftari dogo katika kila nyumba, na kalamu imefungwa kwa uzi. Iandikwe saa homa ilipoanza, dawa iliyotolewa, kiasi gani na saa ngapi, mara ngapi mtoto ametapika au kukojoa. Asiyejua kuandika na amwite mtoto wa shule. Mke wangu alipoulizwa hospitali mtoto amepewa dawa gani na saa ngapi, hakuweza kujibu kwa hakika, maana walimpa watu watatu, kila mmoja kwa huruma yake.

SAA YA KUTONGOJA

Sasa nafika kwenye jambo lililo zito zaidi. Ziko dalili ambazo mtoto mwenye homa akiwa na moja yake tu, hapana kungoja asubuhi, hapana kungoja soko, hapana kumngoja mwenye nyumba. Naomba kila mmoja azishike moyoni.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 2 akiwa na homa, hata kama anaonekana mzima. Huyo haachwi nyumbani hata kidogo, wala asipewe dawa yoyote ila kwa amri ya tabibu.

Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya.

Mtoto atapikaye kila kitu anachopewa.

Mtoto aliyeshikwa na degedege, hata kama limekwisha.

Mtoto aliyelegea, haamki vema, au hamtambui mama yake.

Mtoto mwenye shingo iliyokakamaa, au mchanga ambaye utosi wake umevimba.

Mtoto apumuaye kwa haraka au kwa shida, ambaye sehemu ya chini ya kifua hubonyea ndani avutapo pumzi. Hesabuni pumzi zake kwa dakika 1 nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi ni nyingi mno.

Mtoto ambaye viganja vyake vimekuwa vyeupe kwa kupungukiwa na damu, au macho yake yamekuwa ya manjano, au mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au hakojoi.

Tena, hata pasipo dalili hizo, katika nchi yenye malaria kama kwetu, mtoto mwenye homa na apimwe damu kabla ya saa 24 kupita tangu homa ilipoanza. Hiyo ndiyo sheria ya waganga, na ndiyo sheria niliyoivunja mimi.

JUU YA DEGEDEGE

Wazee wangu, naomba niseme juu ya degedege kwa adabu. Tangu zamani limesemwa kuwa ni kazi ya ndege apitaye usiku, au ya pepo, na kwamba sindano humwua mtoto wa namna hiyo. Sisemi kwamba wazee walisema uongo. Walisema walivyoona. Waliona mtoto akipelekwa hospitali, akadungwa sindano, akafa. Lakini tuulize, mtoto yule alipelekwa siku ya ngapi? Aghalabu alipelekwa baada ya kufukizwa, kuchanjwa na kuogeshwa dawa siku mbili tatu, roho ikiwa imefika kooni. Sindano ilikuta kazi imekwisha haribika, ikabeba lawama ya siku zilizopotea.

Degedege huwapata hasa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, homa ipandapo. Mara nyingine hupita lenyewe bila kuacha madhara. Lakini kwetu laweza kuwa ni malaria iliyopanda ubongoni, au ugonjwa wa uti wa mgongo, na hakuna mtu nyumbani awezaye kutofautisha.

Likitokea, mlazeni mtoto ubavu chini mahali laini ili mate na matapishi yatoke. Legezeni nguo. Msitie kijiko, wala kidole, wala dawa, wala maji kinywani mwake, maana huenda yakaingia mapafuni, au meno yakavunjika. Msimshike kwa nguvu. Tazameni saa. Likipita dakika 5 bila kukoma, hatari imezidi, naye achukuliwe palepale. Likikoma, achukuliwe vilevile. Moshi wa kumfukiza humzidishia shida ya pumzi tu.

JUU YA MALARIA NA WATOTO WA MJINI

Wako wanaosema malaria huletwa na kunyeshewa na mvua au kula maembe mabichi. Tangu mwaka 1897, Ronald Ross alipoviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu huko India, imejulikana mletaji ni nani. Mvua na maembe huja msimu mmoja na mbu, basi ndipo vikasingiziwa.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe damu kwanza kabla ya kupewa dawa. Kipimo chake ni tone moja la damu ya kidole, na jibu hupatikana kwa muda wa kama dakika 15 hadi 20. Ikionekana malaria isiyo kali, mtoto hupewa vidonge vya mseto mara 6 katika siku 3. Cha pili hutolewa saa 8 baada ya cha kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zifuatazo, pamoja na maziwa au chakula. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, kipimo hicho kirudiwe, na mama arudi zahanati kuchukua kingine ili siku zitimie. Wengi wetu mtoto akichangamka siku ya pili humwekea akiba vidonge vilivyosalia. Hiyo si akiba, ni deni, na atakayelilipa ni mtoto.

Kwa wazee wetu wanaothamini miti shamba niseme neno moja. Sehemu ya dawa hiyo asili yake ni mmea. Wachina waliujua kwa karne nyingi, na katika miaka ya 1970 Bibi Tu Youyou na wenzake waliitoa dawa iliyokuwa ndani yake, wakaijaribu na kuipima. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa hivyo ugomvi hauko baina ya mti na hospitali. Tofauti ni kipimo. Majani yaliyochemshwa hatujui yana nguvu kiasi gani. Kidonge kimepimwa, na mtoto ni chombo kidogo kisichovumilia makosa ya kipimo.

Tena tuwaangalie sana watoto wetu wazaliwa wa Nairobi. Mtoto akulia Pwani huumwa na mbu wenye malaria mara nyingi, na mwili wake, akinusurika, hujifunza polepole kupambana. Mtoto wa mjini mwili wake haujafunzwa. Akishikwa huanguka upesi, naye ndiye tumpelekaye nyumbani msimu wa vuli kwa furaha, na zawadi za sukari na majani ya chai, bila chandarua. Nawaomba wazazi wote, safari ya Desemba ianze kwa chandarua chenye dawa ndani ya sanduku. Na homa ikitokea hata wiki kadhaa baada ya kurudi Nairobi, mwambieni tabibu kwamba mtoto alikuwa Pwani, maana asipoambiwa hatafikiri malaria kwanza.

RUHUSA NA NAULI

Bwana Mwenyekiti, yote niliyosema hapo juu mke wangu aliweza kuyafanya. Mengine aliyajua kunishinda, maana alifundishwa kliniki. Hakukosa maarifa wala upendo. Alikosa vitu viwili tu, ruhusa na nauli. Na vitu hivyo havimo katika mfuko wa daktari. Vimo mikononi mwetu sisi tulioketi katika ukumbi huu.

Baba yangu alisema, “Subira huvuta heri,” na neno hilo ni kweli. Lakini wazee haohao walituachia neno jingine, “Ngoja ngoja huumiza matumbo.” Hekima ni kujua lipi lina saa yake. Katika kununua shamba, katika posa, katika kesi za ndugu, tushike la kwanza. Katika homa ya mtoto tushike la pili. Baba mwenyewe ndiye aliyeniambia hivyo, akiwa ameketi kando ya kitanda cha mjukuu wake, na ameniruhusu nilitaje hapa.

Tazameni kitabu cha hesabu za Chama chetu. Kila mwaka twachanga kwa ajili ya jeneza, sanda na gari la maiti, na hakuna mwanachama aliyewahi kusitasita. Ni sifa yetu kubwa, wala sitaki ipungue. Lakini nauli ya pikipiki ya mtoto aliye hai ni sehemu ndogo sana ya gharama ya gari moja la maiti. Je, inatuelea akilini kwamba twatoa upesi kwa aliyekwisha kwenda, na kwa aliyebaki twataka kwanza tuulizane?

Kwa hiyo naomba kuleta mapendekezo matatu.

La kwanza, kila mwanachama aliye na mke na watoto nyumbani atamke mbele ya baba yake, au mzee wa nyumba ile, maneno haya, “Mtoto akipata homa, ruhusa ya kumpeleka zahanati imekwisha kutolewa.” Yakisha kutamkwa, mama hana haja ya kumpigia mtu simu kuomba. Atapiga simu akiwa njiani, kutoa habari. Nawaomba wazee wetu waliunge mkono, maana mama akitoka usiku na mtoto mgongoni bila idhini ya mzee huitwa mkaidi. Neno la mzee likitangulia, ataitwa mama mwema.

La pili, kila nyumba iweke nauli ya kwenda na kurudi zahanati katika mkono wa mama mwenyewe, wala isiguswe kwa unga, wala kwa karo, wala kwa mgeni. Ikitumika, irudishwe kabla ya juma kwisha.

La tatu, Chama kitenge sehemu ndogo ya hazina yake, iwekwe kwa mzee mmoja mwaminifu katika kila kijiji chetu, kuwa mkopo wa nauli ya mtoto mgonjwa. Itolewe saa yoyote ya usiku, bila maswali, iandikwe daftarini, na mwenye mtoto alipe mwisho wa mwezi. Kazi ya kuyakagua madaftari hayo kila mwaka niko tayari kuifanya bila malipo.

Mapendekezo haya hayamzuii mzee asiwe mzee, wala baba asiwe baba. Mzee atoaye ruhusa kabla ya shida hana upungufu wa heshima kwa yule atoaye wakati wa shida. Kinyume chake, neno lake limefika mbali zaidi, maana litafanya kazi hata akiwa amelala.

Nimesema mengi. Kama mtasahau yote, basi shikeni haya. Homa ni tarishi, isomeni barua yake. Mtoto apewe maji na maziwa ya mama, nguo nyepesi, na dawa kwa kipimo. Saa 24 zisipite bila damu kupimwa. Dalili ya hatari ikionekana, hakuna kungoja hata saa moja. Na ruhusa iwekwe nyumbani mapema, kama tuwekavyo maji mtungini, ili kiu ikija usiku pasiwe na mtu wa kuamshwa kuombwa.

Naomba mapendekezo haya yajadiliwe leo, kabla hatujafunga mkutano, maana Desemba haiko mbali, na wake zetu wamekwisha anza kufunga mizigo.